Sura ya Nne: Nani Alichora Rungwe?

Fungua kitabu chochote cha zamani kuhusu safari za Afrika Mashariki na utakuta michoro. Kuna Kilimanjaro na theluji yake, soko la Unguja, simba wa nyika, maporomoko ya Zambezi. Mkazi wa Makandana, hapa Tukuyu, akivipitia vitabu hivyo hujiuliza swali la haki kabisa: na sisi je? Mlima Rungwe uko palepale kaskazini ya mji wa Tukuyu, urefu wake unakaribia mita 3,000. Ziwa Ngozi limekaa ndani ya kreta, yaani bakuli lililoachwa na volkano. Upande wa mashariki kuna safu za Ukinga, na kati yake na sisi kuna mabonde yenye migomba na chai. Nchi ya namna hii ilimkosaje mchoraji?

Jibu ni kwamba haikukosa. Rungwe ilichorwa, tena sana, ila haikuchorwa kama mlima. Ilichorwa ua kwa ua na jani kwa jani, na aliyeshika kalamu alikuwa amekaa mezani Berlin. Ili tuelewe ilikuwaje, tuanze na wale waliokuja wenyewe na daftari mkononi.

Askari, mganga, balozi: wachoraji wa safari

Leo tukisema mchoraji tunamfikiria mtu mwenye kazi hiyo moja. Karne ya 19 haikuwa hivyo. Kabla kamera haijawa nyepesi kiasi cha kubebwa safarini, kila msafiri aliyetaka kuaminika kwao alitakiwa ajue kuchora angalau kidogo. Maafisa wa jeshi la Uingereza walifundishwa kuchora mandhari kwa sababu za kivita: vilima viko wapi, mto unapinda wapi, adui anaweza kujificha wapi. Ujuzi huohuo walikuja nao huku.

Mfano mzuri ni James Augustus Grant, Mskoti aliyesafiri na John Hanning Speke kuanzia 1860 hadi 1863, kutoka Unguja kupitia Tabora na Karagwe hadi Nile. Speke ndiye aliyepata sifa ya chanzo cha mto. Grant, kwa maoni yangu, ndiye aliyetuachia kitu kikubwa zaidi: michoro zaidi ya 140 ya penseli na rangi ya maji, ambayo leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Kidonda cha mguu kilimlaza Karagwe miezi kadhaa, mwanzoni mwa 1862, katika himaya ya Mtawala Rumanyika, wakati Speke ametangulia Buganda. Grant hakuweza kutembea, basi alikusanya mimea na kuchora. Alichora watu wakiwa kazini, wakicheza ngoma, wakibeba mizigo. Michoro yake haina makuu. Mtu anayechora akiwa amelala chini ya paa la mwenyeji huona vitu ambavyo mwenye haraka havioni.

Mwingine ni Harry Johnston, aliyezaliwa 1858. Huyu alisomea uchoraji kabisa katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London. Mwaka 1884 alikaa miezi kadhaa katika nchi ya Wachaga akichora na kukusanya mimea na wanyama wa Kilimanjaro, na kitabu chake cha 1886 kina michoro ya mkono wake. Mwaka 1889, akiwa tayari ni mtumishi wa serikali ya Uingereza, alipita kaskazini ya Ziwa Nyasa kuelekea Ziwa Tanganyika. Johnston alichora vizuri. Pia alitia saini mikataba na watawala wa Kiafrika iliyotumiwa kuchukua nchi zao. Mambo haya mawili yalitoka katika mkono mmoja, na sioni njia ya kulizungumza la kwanza na kulinyamazia la pili.

Safari ya mchoro kutoka daftarini hadi kitabuni

Hapa wasomaji wengi hudanganyika. Picha unayoiona katika kitabu cha 1863 si ile aliyoichora msafiri porini. Wakati ule mchoro wa rangi ya maji haukuweza kupigwa chapa moja kwa moja. Ilibidi mtu mwingine auchore upya, kisha fundi auchonge juu ya kipande cha ubao mgumu, akiacha mistari iliyoinuka ambayo ndiyo ingepakwa wino. Kazi hii huitwa nakshi ya mbao.

Kwa hiyo mchoro ulipita mikono mitatu au minne. Michoro ya Grant ilipofika London ilikabidhiwa kwa Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyefanya kazi ya kupamba vitabu. Wachoraji wa namna yake walijua wanunuzi wanataka nini. Mti uliosimama peke yake ulipewa wenzake, watu walipewa mikao ya sanamu za Kigiriki, na msitu ukawa mnene kuliko ulivyo. Ndiyo maana misitu ya vitabu vingi vya zamani inafanana, iwe ya Kongo au ya Brazili.

Na kuna watu ambao hawakuingia kabisa katika hesabu. Karatasi, rangi, turubai la kuchorea na masanduku ya vioo vilibebwa vichwani na wapagazi. Msafara wa Speke na Grant uliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi na kuwa kiongozi wa misafara mashuhuri kuliko wote. Mahali pa kupiga kambi palichaguliwa na watu kama yeye, na mahali pa kambi ndipo palipokuwa mahali pa kuchorea. Bombay alishiriki kuamua Ulaya ingeona nini cha nchi hii.

*Kwa ufupi:* picha ya kitabu cha zamani ina mwenye macho, ina wabebaji, ina mchoraji wa mjini na ina fundi wa ubao. Jina linaloandikwa chini yake mara nyingi ni moja tu.

Kwa nini Rungwe ilichelewa

Njia kuu za misafara zilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Nchi ya Wanyakyusa ilikuwa pembeni, imezingirwa na milima pande tatu na ziwa upande wa nne. Mwingereza James Frederic Elton alifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1877, akapanda milima kuelekea Usangu, na Desemba ya mwaka huohuo akafia Ugogo. Kitabu chake kilihaririwa na mwenzake wa safari, Cotterill, kikatoka 1879. Kwa miaka mingi ramani ziliita uwanda wa juu wa Kitulo kwa jina la Elton, kana kwamba waliokuwa wakiishi kandokando yake walikuwa wakimsubiri aje aupe jina. Mwaka 1879 akapita Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 aliyeachiwa msafara baada ya kiongozi wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho. Wote wawili walikuwa na haraka.

Wageni wa kukaa walianza kufika 1891, wamishenari wa Kimoraviani wakijenga kituo Rungwe. Angalia mwaka huo. Kamera ndogo ya filamu ilikuwa imeanza kuuzwa 1888. Wazungu walipotulia Rungwe, penseli ilikuwa imekwisha kuanza kushindwa na lenzi. Daktari Friedrich Fülleborn, aliyekuwa na jeshi la Wajerumani tangu 1896 hadi 1900, aliizunguka nchi yote ya kaskazini ya ziwa akiwa na kamera. Kitabu chake kikubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma kilichapishwa 1906 pamoja na juzuu la picha. Ndege kadhaa wa milima yetu wana jina lake katika orodha za wanasayansi hadi leo.

Fülleborn hakupiga picha ndege na milima peke yake. Aliwapiga picha watu na kuwapima miili, vichwa na nyuso, akaandika namba zao kitabuni. Mkulima wa Unyakyusa aliyesimamishwa mbele ya lenzi ile alihesabiwa sawa na ndege aliyekaushwa. Ninapoziangalia picha hizo natafuta macho ya watu wale, na mengi yanamtazama mpiga picha bila kucheka.

Mimea iliyokwenda kuchorwa Berlin

Sasa tunafika kwenye kiini cha sura hii.

Mwaka 1898 na 1899 alipita huku kijana mtaalamu wa mimea, Walter Goetze, katika msafara wa kisayansi uliogharamiwa na mfuko wa Heckmann-Wentzel wa Berlin. Alipita Uhehe, akapanda milima ya Ukinga, akafika Rungwe. Desemba 1899 alifariki Langenburg, kando ya ziwa, akiwa na miaka 27. Vifurushi vyake vya mimea vilifika Ujerumani, mwenyewe hakufika. Mgunga mmoja unaoota sehemu nyingi za Tanzania bado unaitwa *goetzei* kwa ajili yake.

Baada yake alikuja mtu ambaye watu wa Tukuyu wangepaswa kumjua zaidi: Adolf Stolz, wa misheni ya Moraviani, aliyekaa Kyimbila, mwendo mfupi kutoka mjini. Stolz hakuwa mpita njia. Kwa miaka kadhaa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikusanya mimea ya Rungwe kwa subira ya mkulima, na mkusanyiko wake una namba zaidi ya 2,000. Ukiingia leo katika hifadhi za mimea mikavu za Ulaya, ambazo wataalamu huziita herbaria, utakuta karatasi baada ya karatasi yenye neno hili moja mahali pa kuandika eneo: Kyimbila.

Mmea wa sampuli, yaani mmea mmoja unaohifadhiwa ili uwakilishe wenzake, huandaliwa hivi. Unang'olewa na mizizi, ua likiwa limechanua. Unatandazwa katikati ya karatasi za kunyonya maji, majani yakinyooshwa kwa vidole, mengine yakigeuzwa ili mgongo wake uonekane. Juu yake unawekwa uzito au kamba za kubana. Karatasi hubadilishwa kila siku, kwa maana zikiachwa na unyevu mmea huota ukungu. Ebu fikiria kazi hiyo katika nchi ya Tukuyu, ambako mvua ni ya kuhesabiwa kwa mita mbili na zaidi kwa mwaka, na mwezi wa nne nguo haikauki kwenye kamba. Karatasi ilibidi zikaushwe karibu na moto, na mtu akae macho asije akachoma kazi ya wiki nzima. Nina hakika mikono mingi iliyobadilisha karatasi zile ilikuwa ya Wanyakyusa, na waliojua ua lipi huota bonde gani walikuwa haohao.

Mmea ukikauka hupoteza rangi. Okidi ya zambarau, ile iliyokuwa iking'aa kwenye nyasi za mlimani, inafika Berlin ikiwa ya kahawia kama jani kuukuu la mgomba. Umbo la ua nalo limebanwa likawa bapa. Hapo ndipo alipoingia Joseph Pohl, mchoraji wa Adolf Engler, mkuu wa bustani ya mimea ya Berlin. Ua kavu huchemshwa kidogo katika maji mpaka lilainike na kujikunjua. Kisha hupasuliwa kwa sindano chini ya kioo cha kukuza, na kila sehemu huchorwa peke yake: petali, chavulio, kifuko cha mbegu kilichokatwa katikati. Pohl alifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na inakadiriwa alichora michoro 33,000 kwa ajili ya vitabu vya Engler.

Michoro ya aina hii haina mlima nyuma, haina anga, haina mtu. Ni wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Kwa mtu anayetafuta uzuri wa Rungwe inaweza kumkatisha tamaa. Mimi naiona kuwa michoro ya kweli kuliko yote iliyochorwa kuhusu nchi hii wakati ule, kwa sababu mchoraji hakuwa na nafasi ya kubuni. Zwecker aliweza kuongeza mti pasipo na mti. Anayechora ua la kisayansi hawezi kuongeza petali.

Usiku wa Machi 1943

Mwaka 1915 mtaalamu wa okidi, Rudolf Schlechter, alichapisha kazi nzima juu ya okidi alizokusanya Stolz, na kundi moja la okidi ndogo za mitini akalipa jina la Stolzia. Sampuli alizozitumia zilibaki Berlin. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 ndege za Uingereza zilipiga mji huo kwa mabomu, na jengo la herbaria likaungua. Sehemu kubwa ya mkusanyiko ikawa majivu, na okidi za Schlechter zikawamo.

Mimea ya Rungwe iliokoka kwa njia mbili. Ya kwanza, Stolz alikuwa amekusanya kila mmea kwa wingi na nakala zake zikagawiwa katika herbaria za nchi nyingine. Ya pili ni michoro iliyokwisha kuchapwa. Pale sampuli ilipoungua, mchoro wa wino ukawa shahidi. Mtafiti anayetaka kujua kama okidi aliyoiona juu ya Kitulo ndiyo ileile iliyopewa jina miaka zaidi ya 100 iliyopita anafungua mchoro na kulinganisha mdomo wa ua kwa mdomo wa ua.

Jambo hili si la makumbusho peke yake. Okidi za nyanda za juu zinachimbwa kwa ajili ya viazi vyake, ambavyo husafirishwa hadi Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ya kwanza nchini iliyoanzishwa hasa kwa sababu ya maua. Huwezi kulinda kitu usichoweza kukitambua, na utambuzi wa okidi nyingi za huku ulianzia kwenye karatasi za Kyimbila.

Simba wa Kuhnert

Kuna mchoraji mmoja wa Kijerumani ambaye siwezi kumruka, hata kama alichora mbali na Rungwe. Wilhelm Kuhnert, aliyezaliwa 1865, alikuja Afrika Mashariki mara tatu: 1891, 1905 na 1911. Kwao walimwita Kuhnert wa Simba. Alichora kwa rangi ya mafuta, rangi nzito inayokauka polepole, akianza na michoro midogo palepale porini na kumalizia turubai kubwa akirudi Berlin. Wanyama wengi aliwapiga risasi kwanza, akawachora kabla hawajaoza. Simba wake wana uzito wa mwili ambao wachoraji wa kabla yake, waliozoea simba wa vizimba, hawakuuweza.

Turubai zake nyingi zinaonyesha nyika tupu: mnyama, nyasi, upeo wa macho. Lakini Kuhnert alikuwa Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wakati maelfu ya wapiganaji wa Maji Maji walipoishambulia boma ya Wajerumani na kufyekwa kwa bunduki za rashasha. Alikuwa upande wa boma, akashiriki kuilinda. Baadaye, mwaka 1908, alichora vita hivyo. Basi mtu aliyeifundisha Ulaya kuiona Tanganyika kama nchi ya wanyama peke yao alijua kwa macho yake kwamba ina watu, na kwamba watu hao walikuwa wakifa kwa kuidai. Vita na njaa iliyofuata viliacha maeneo makubwa ya kusini yakiwa na watu wachache, na sehemu za upande wa Liwale na Rufiji baadaye ziliingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Nyika nyingine ni tupu kwa sababu ilifanywa kuwa tupu.

Ukiona mchoro wa zamani wa nchi yetu, iwe kitabuni, hotelini au kwenye kalenda, uulize:

- Aliyechora alikuwa pale, au alichora kutokana na maelezo ya mtu mwingine?
- Nani alimlipa, na kwa kazi gani?
- Watu wako wapi? Kama hawapo, walikuwa wameondoka au waliondolewa kwenye turubai?
- Kuna kitu katika mchoro huo ambacho mwenyeji angeweza kukithibitisha, kama aina ya mti, mkondo wa mto au msimu?

Swali la nne ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linamrudisha mwenyeji mezani.

Okapi na kipunji

Mwaka 1901 Harry Johnston, wakati huo akiwa mkuu wa serikali ya Waingereza Uganda, alimchora mnyama ambaye hakuwahi kumwona akiwa hai. Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, walimweleza kuhusu mnyama mwenye miguu ya milia. Alipata vipande vya ngozi vilivyotumika kama mikanda, na wataalamu wa London wakadhani ni aina ya punda milia. Baadaye afisa mmoja wa Kiswidi, Eriksson, akampelekea ngozi nzima na mafuvu. Johnston akaona ni jamaa wa twiga, akamchora kwa rangi za maji. Dunia ikamjua okapi kwa mchoro huo, na jina la kisayansi likawa la Johnston. Wambuti waliotoa habari hawakupata hata herufi.

Karne moja hivi baadaye jambo linalofanana na hilo lilitokea juu ya Makandana. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe, wakiongozwa na Tim Davenport, walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Mwaka 2003 wakamwona: manyoya marefu ya kahawia, kishungi kilichosimama utosini, na mlio unaofanana na honi na kubweka kwa pamoja. Mwaka uliofuata watafiti wengine walimkuta pia Ndundulu, katika milima ya Udzungwa. Mei 2005 alitangazwa kwa wanasayansi kwa kutumia picha za kamera tu, kwani hakuna aliyetaka kumuua mnyama adimu namna ile. Mchoro uliosambaa wakati huo ulichorwa Marekani. Mwaka huohuo mmoja alinaswa katika mtego wa mkulima shambani, vipimo vya vinasaba vikafanyika, na mwaka 2006 akapewa ukoo wake wa pekee, *Rungwecebus*. Ukoo mpya wa nyani wa Afrika haukuwa umetangazwa tangu 1923.

Safari hii wanasayansi waliandika *kipunji*, neno la wawindaji wenyewe, na mlima ukatajwa kwenye ukoo. Hesabu ya kwanza ilikuta takriban kipunji 1,100 tu duniani kote. Msitu wanamoishi wengi wao uko mbele ya macho ya kila mtoto anayesoma shule za Tukuyu, na wazee waliomjua mnyama huyu kabla ya jarida lolote bado wapo vijijini. Mchoraji wa Makandana anayetaka kumchora hahitaji ngozi, fuvu wala picha ya kutumiwa kutoka mbali. Anahitaji kibali cha hifadhi, mwongozaji wa Kinyakyusa, daftari, na koti la mvua.